Kodi Kwanza, Blanketi Baadaye: Mafunzo Niliyopata kwa Wanaolala Nje Mombasa

Kikundi chetu ni cha majirani tu: mwalimu mstaafu, muuza samaki, vijana wawili wa bodaboda na mimi. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukizunguka usiku kuanzia Mwembe Tayari hadi Marikiti, tukipitia Makadara, na mafuta yakipatikana tunavuka daraja la Nyali mpaka Kongowea. Tulianza na uji, mikate na mablanketi. Siku hizi sehemu kubwa ya pesa tunazochanga huenda kwa wenye nyumba. Mafunzo haya ndiyo yaliyotufikisha huko. Nayaandika kwa sababu naona kaunti, serikali kuu na sisi watoa sadaka bado tunahangaikia blanketi.

1. Wanaolala nje si watu wa aina moja

Usiku wa sensa ya taifa ya 2019 walihesabiwa watu 20,101 waliokuwa wamelala nje kote Kenya. Mwaka mmoja kabla, sensa maalumu ya familia za mitaani ilikuwa imepata watu 46,639: Nairobi 15,337, na Mombasa yetu ikishika nafasi ya pili kwa watu 7,529. Anayezisoma takwimu hizi mezani atadhani kuna aliyekosea kuhesabu. Anayezunguka usiku haoni ajabu. Mama aliyelala leo kwenye baraza ya duka, kesho yuko jikoni kwa shangazi yake Mishomoroni, kesho kutwa wamekosana na amerudi barazani. Utamhesabu wapi?

Pale Marikiti kuna mahamali wanaolala juu ya mikokoteni yao. Nilimuuliza mmoja kama angependa tumtafutie kituo cha kumsaidia. Akacheka sana. "Ndugu yangu, mimi kwetu Kitui nina nyumba, nina mke na ng'ombe wawili. Hapa nalala tu. Nikilipa chumba, watoto watakula nini?"

Huyo hana haja ya kuonywa wala kurekebishwa. Anataka kitanda cha bei ya chini karibu na soko, choo, na mahali pa kufungia mkokoteni usiibwe. Hatua chache kutoka kwake amelala kijana anayetumia unga, yaani heroini, na mbele kidogo mzee aliyefiwa na mke kisha akashindwa kodi, na msichana mwenye mtoto mchanga aliyefukuzwa kwao tumbo lilipoonekana. Kaunti ikija na jibu moja, litamfaa mmoja na waliobaki watalala palepale. Ndiyo maana nasema kazi ianze na daftari la majina: nani analala wapi, alitoka wapi, nini kilimtoa huko, na nani wa ukoo wake bado anapokea simu yake. Maafisa wa ustawi wa jamii wanaijua kazi hiyo. Wapewe muda na nauli ya kuifanya.

2. Lori la kanjo husogeza watu

Kila ugeni mkubwa unapokaribia, au maonyesho ya kilimo, askari wa kaunti, kanjo kama tunavyowaita, hutoka na lori usiku. Kesho yake mji unang'aa. Baada ya wiki mbili tunakutana na nyuso zilezile, ila wamepoteza mablanketi, sufuria na, kibaya zaidi, karatasi za kliniki. Mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dawa kwa sababu ya msako, gharama yake italipwa na hospitali ya kaunti hiyohiyo iliyolipia lori.

Si Mombasa peke yake. Februari 2019 watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walibebwa usiku wakaachwa porini katika Kaunti ya Baringo, na suala hilo likafika hadi Seneti. Sheria nayo imeshasema. Kenya ilifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi zizirekebishe au zizifute. Miaka miwili baadaye, Desemba 2022, Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ilifuta vifungu vya aina hiyo katika sheria za kwao. Lakini lori halisomi hukumu.

Kuna msako mmoja uliokuwa na nia njema, nao unafaa kukumbukwa. Mwaka 2003 marehemu Karisa Maitha, mbunge wetu wa Kisauni aliyekuwa Waziri wa Serikali za Mitaa, aliwaondoa vijana wa mitaani Nairobi na wengine wakapelekwa kwenye mafunzo ya ufundi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Kurekebisha Familia za Mitaani. Wapo waliotoka mafundi na wana familia zao leo. Wapo pia waliorudi nje. Mmoja wao nilimkuta Mwembe Tayari, mtu mzima sasa, cheti chake cha ufundi wa magari amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. "Nilifuzu vizuri," akaniambia. "Siku ya kutoka wakanipa nauli ya kurudi nilikotoka. Nami nilikuwa nimetoka barabarani."

3. Chumba kinakuja kabla ya kujirekebisha

Hili ndilo lililobadilisha kazi yetu yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Utaratibu tuliozoea sote, serikali na mashirika, ni wa ngazi. Acha unga kwanza. Hudhuria vikao. Onyesha nidhamu. Ukifika ngazi ya juu, utapata pa kulala. Sasa jaribu kuacha chochote ukiwa unalala jicho moja wazi kwa kuogopa kuibiwa viatu, unaamshwa saa kumi na mwenye duka akimwaga maji barazani, na huna pa kuweka hata mswaki.

Finland waliigeuza ngazi hiyo. Kuanzia 2008 serikali yao, miji na mashirika walikubaliana kwamba mtu asiye na makao apewe kwanza nyumba yenye mkataba wa upangaji kwa jina lake, naye alipe kodi kwa msaada wa ruzuku, kisha huduma nyingine zimfuate humo. Mabweni ya muda yakageuzwa kuwa nyumba za kupanga. Helsinki mwaka 1985 ilikuwa na vitanda zaidi ya 2,000 vya mabweni ya wasio na makao. 2016 vilibaki 52. Nchi nzima, wasio na makao walishuka kutoka zaidi ya 17,000 mwaka 1987 hadi chini ya 3,500 mwaka 2023, na hesabu yao inajumuisha hata wanaojihifadhi kwa rafiki na jamaa.

Najua utakachosema: Finland ni tajiri. Ni kweli. Lakini sisi tuna kitu ambacho wao hawana, nacho ni nyumba ya Kiswahili. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na kisima uani, mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele na vingine anapangisha kimoja kimoja. Kisauni na Likoni tumepata vyumba vya namna hiyo kwa shilingi 2,500 hadi 4,000 kwa mwezi. Hatuhitaji kujenga ghorofa ndipo tumwingize mtu ndani. Vyumba vipo, na vingine vimefungwa vikisubiri mpangaji.

Kazi kubwa ni kumshawishi mwenye nyumba. Bi mkubwa mmoja wa Kisauni alitusikiliza mpaka mwisho, akatutilia chai, kisha akasema: "Wanangu, nawaheshimu, lakini huyo mtu wenu ataniuzia mpaka mlango." Tukakubaliana mambo matatu: kodi italipwa nasi moja kwa moja kwake, mmoja wetu atapita kila wiki, na likitokea lolote atatupigia sisi kabla ya kumpigia chifu. Mzee mmoja tuliyemkuta akilala Makadara akahamia na godoro, ndoo, jiko la makaa na kufuli. Majuma ya mwanzo hakulala chumbani. Alilala ukumbini, mlango wa mbele ukiwa wazi, kwa sababu alikuwa amesahau kulala penye kuta. Bi mkubwa alikasirika, halafu akamzoea, halafu akaanza kumtuma sokoni. Yuko hapo mpaka leo, na kodi ya sasa analipa nusu mwenyewe kwa kuuza karanga.

Si wote wanaokwenda hivyo. Kijana mmoja aliuza godoro na kurudi mjini. Tulimtafutia chumba kingine, mbali na wenzake wa maskani, na hicho akakishika. Mtu anayeugua hatumfukuzi hospitali kwa kuwa dawa ya kwanza haikumkubali.

Tena tusiharakishe kusema haiwezekani. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ya Uingereza iliagiza halmashauri za miji ziwaingize ndani wote waliolala nje, na ndani ya miezi miwili takriban watu 15,000 walikuwa kwenye hoteli na makao ya dharura. Kwetu mwezi huohuo tulipewa kafyu ya saa moja usiku na kuambiwa tukae nyumbani. Tuliozunguka wakati ule tulikuwa tukiulizwa swali moja na kila mtu: nyumbani wapi?

Lakini Uingereza haikuendelea. Idadi ya waliohesabiwa wakilala nje usiku mmoja nchini England ilishuka hadi 2,440 mwaka 2021, kisha ikapanda mpaka 4,667 mwaka 2024. Hata Finland, baada ya serikali yao kupunguza ruzuku za kodi, idadi ya 2024 ilipanda tena kupita 3,800. Pesa ya kodi ikikatwa, mtu anarudi barazani.

4. Bila kitambulisho huna serikali

Fungu hili ni fupi lakini linachosha kuliko yote. Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, kwa hiyo hana M-Pesa, kwa hiyo hata kibarua cha siku hakimlipi kirahisi. Hajiandikishi bima ya afya. Mpango wa nyumba nafuu, ambao kila aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, unataka ujisajili kwa kitambulisho na namba ya mamlaka ya kodi, KRA. Mpango wenye neno nyumba katika jina lake umemfungia nje asiye na nyumba.

Ili upate kitambulisho, wazazi wako wajulikane na chifu akutambue. Aliyezaliwa nyuma ya soko atatambuliwa na chifu yupi? Ningekuwa na mamlaka ya siku moja tu, ningeamuru kila kaunti iwe na afisa wa usajili anayetembea usiku na fomu zake, na mashahidi wawili wa mtaa watoshe.

5. Sadaka yetu ya Ijumaa ina nguvu, tuielekeze

Mombasa ni mji wa kutoa. Ijumaa wenye maduka huandaa sarafu, na mstari wa maskini hupita mlango hadi mlango. Ramadhani futari hugawiwa mpaka inasazwa. Makanisa hupika Krismasi. Sijawahi kusikia mtu anayelala Mwembe Tayari akiniambia tatizo lake kubwa ni chakula.

Kwa hiyo nilianza kuwauliza wafanyabiashara: kile mnachotoa sarafu sarafu kwa mwaka mzima, mbona msikikusanye? Wengine walinijibu kwamba mtoaji anataka kumwona anayempa. Namwelewa, mkono unaopokea una dua yake. Lakini katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, wenye madeni wametajwa, na malimbikizo ya kodi ni deni lenye tarehe. Msikiti mmoja mtaani kwetu umeanza kutenga sehemu ya zaka kumlipia jirani kodi ya miezi miwili au mitatu kabla vyombo havijatolewa nje. Hakuna picha, hakuna kutangaza jina. Imamu humwita mwenye nyumba pembeni, basi. Naamini jambo hilo limezuia watu wengi zaidi kuingia barabarani kuliko uji wetu wa miaka yote.

6. Mtoto humtafutii kituo, unamtafutia mtu

Watoto tunaokutana nao wengi wao wana nyumba. Waliitoroka kwa sababu ya fimbo ya baba wa kambo, au sufuria tupu, au aibu ya kukosa ada. Kumpeleka kituo cha watoto ni rahisi, na wafadhili hupenda vituo kwa kuwa vina ukuta wa kuandikia jina. Serikali yenyewe imeshaamua njia nyingine: mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye vituo warudi katika familia, ya kuzaliwa au ya kulea.

Karatasini ni sawa. Mitaani tumeona kwamba kumrudisha mtoto bila kuigusa nyumba iliyomtoa ni kumpa matembezi. Nyanya wa huko Kaloleni alitwambia wazi: "Mjukuu wangu nampenda, nileteeni hata leo. Lakini nileteeni na unga wa sima." Alikuwa na haki. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee wa miaka 70 kwenda juu, ndizo zilizokuwa zikimlisha yeye na wajukuu wengine wanne. Gharama ya kumlaza mtoto kituoni ingemfikia nyanya huyo, mtoto asingerudi Marikiti.

7. Unga ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa mtu akiwa na anwani

Malindi ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2015 na Mombasa ikafuata. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu aliyepata chumba karibu na kliniki hufika. Aliyesombwa na lori jana hafiki. Sina zaidi ya kusema hapo.

8. Funga mlango wa kuingilia

Hapa ndipo serikali ina kazi ambayo hakuna kikundi cha majirani kinachoweza kuifanya. Pwani yetu ina kitu ambacho mgeni huwa haamini: unaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Babu alijenga kwa ruhusa ya mwenye shamba, akalipa ushuru wa kiwanja mwezi baada ya mwezi, watoto wakazaliwa, mjukuu akaoa. Kisha shamba likauzwa kwa mtu wa tatu. Siku tingatinga linapokuja, familia tatu zinakuwa nje asubuhi moja, na wote walikuwa na nyumba jana. Nimewakuta Makadara watu waliokuwa wenye nyumba Likoni.

Serikali ikitaka, huweza. Shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930 zilizogombaniwa kwa miaka mingi, lilinunuliwa na serikali, na Januari 2016 wakazi wakaanza kupewa hati kwa makubaliano ya kulipa polepole. Malalamiko yalikuwepo kuhusu malipo, lakini watu hawakuhamia barabarani.

Linganisha na Nairobi Mei 2024. Baada ya mafuriko, nyumba za kandokando ya mito huko Mathare na Mukuru zilibomolewa, na kila kaya ikaahidiwa shilingi 10,000. Hakuna anayetaka watu wafe maji. Ila shilingi 10,000 ukitoa dipositi na kodi ya mwezi wa kwanza, mwezi wa pili unalala wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilisema hata walioishi kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Kanuni ambayo ningetaka iandikwe ni nyepesi: hakuna kubomoa mpaka orodha ya vyumba mbadala iwe mezani, pamoja na majina ya watakaoingia.

9. Kinachokosekana ni fungu la bajeti

Makazi ni kazi mojawapo ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Nimehudhuria vikao vya umma vya bajeti na kusoma makaratasi marefu. Utaona barabara, taa, magari, vikao, safari za mafunzo. Utaona hata fedha za usafi wa mji, ambamo ndani yake wamo watu. Fedha za kumlipia mtu kodi ya miezi sita, na mshahara wa afisa wa kumtembelea, sijaziona.

Makadirio ya bajeti ya kila kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi lazima washirikishwe. Vikao hivyo huwa na viti vingi vitupu. Msomaji, ukiona tangazo lake, nenda, na mchukue jirani yako. Uliza swali moja: fungu la kodi za wanaolala nje ni shilingi ngapi, na liko ukurasa gani? Ukiambiwa halipo, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba umeuliza, na mwaka ujao urudi na watu kumi.